Kuhesabu Wafungwa Siyo Kuwaona: Jinsi ya Kuzuia Vifo katika Magereza ya Ulinzi Mkali

Gereza la ulinzi mkali hujengwa kwa hofu moja: mtu asitoke. Kuta ni nene, minara ina walinzi, taa haizimwi, na wafungwa huhesabiwa asubuhi, jioni na usiku. Hesabu ikitimia, mkuu wa zamu hupumua. Lakini maiti nayo huhesabiwa. Mfungwa aliyekata roho saa saba usiku akiwa amejifunika blanketi hadi utosini ataingia kwenye hesabu ya saa kumi alfajiri kama wenzake, na hesabu itakuwa sahihi kabisa.

Mwongozo huu ni wa askari wanaoshika zamu, wakuu wao, na wakuu wa magereza. Ndugu na mawakili wa wafungwa nao wausome, ili wajue waulize nini. Msingi wake ni Kanuni za Nelson Mandela, zile kanuni 122 za Umoja wa Mataifa kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo toleo lake jipya lilipitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015. Kanuni ya kwanza inataka usalama wa wafungwa, watumishi, watoa huduma na wageni ulindwe wakati wote. Wafungwa wametajwa wa kwanza, na sidhani kuwa mpangilio huo ni wa bahati.

1. Anza langoni, kabla hajavuliwa nguo

Vifo vingi vinavyoonekana kuwa vya ghafla vilianzia mapokezi. Mtu anafika na dawa zake mfukoni: insulini, dawa ya kifafa, kipulizo cha pumu, vidonge vya moyo au vya kupunguza makali ya virusi. Askari anaziorodhesha pamoja na mkanda, saa na pochi, kisha zote zinafungiwa stoo ya mali za wafungwa. Kwa mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini, siku moja au mbili tu zinatosha kumfikisha pabaya. Kwa hiyo dawa zisiingie stoo. Zikabidhiwe kwa tabibu wa gereza saa ileile, kwa saini, na aandike dozi inayofuata ni lini.

Kanuni ya 30 inataka kila mfungwa aonwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo baada ya kupokelewa. Tabibu asipokuwepo usiku ule, askari wa mapokezi aulize mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, si mbele ya foleni nzima:

Unaumwa nini, na dawa ya mwisho umemeza lini? Umepigwa au umeanguka siku hizi chache, hasa kichwani? Unakunywa pombe kila siku, au unatumia dawa za kulevya? Kuna kitu umemeza? Yupo mtu humu ndani unayemwogopa? Umewahi kutaka kujiua, na sasa hivi wazo hilo lipo?

Wengi huogopa swali la mwisho wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Wanaofanya kazi ya kuzuia watu kujiua wanajua kuwa kuuliza waziwazi hakuongezi hatari. Mara nyingi humpa mtu nafasi yake ya kwanza ya kusema.

Swali la pombe nalo lisipuuzwe. Mlevi wa muda mrefu akikatiziwa pombe ghafla, hatari kubwa huja siku ya pili hadi ya nne: anatetemeka, anatoka jasho, anaona vitu visivyokuwepo, anaweza kupata degedege na kufa. Askari asiyejua ataandika kuwa mfungwa analeta fujo na kumpeleka chumba cha adhabu, mahali ambapo hakuna atakayemwona. Vivyo hivyo aliyeumia kichwa: anaongea ovyo, anayumba, anasinzia, na watu wanasema amelewa, aachwe alale. Huyo hapaswi kuachwa alale mpaka tabibu amwone.

Na usidhani "mpya" ni yule tu anayetoka uraiani. Aliyerudi mahakamani na kifungo cha maisha leo mchana ni mpya. Aliyekataliwa rufaa ni mpya, na aliyepokea barua kuwa mkewe amemwacha au simu kuwa mama amefariki ni mpya pia. Wote warudishwe kwenye maswali yaleyale, maana mtu uliyempokea mwaka jana siye huyu wa leo.

2. Nani analala na nani

Mwezi Machi 2000, katika gereza la vijana la Feltham huko Uingereza, kijana wa miaka 19 alishambuliwa usiku na mwenzake wa seli. Alikuwa atoke asubuhi iliyofuata. Uchunguzi wa hadhara uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa habari za hatari ya yule mwenzake, chuki yake ya rangi ikiwemo, zilikuwepo: kipande hiki kwenye faili, kingine kwenye barua, kingine kichwani mwa ofisa. Hazikuwahi kukutanishwa mezani kwa mtu aliyepanga nani alale wapi.

Miaka 18 baadaye, Oktoba 2018, James "Whitey" Bulger, mzee wa miaka 89 anayetembelea kiti cha magurudumu na anayejulikana kuwa aliwahi kuwa mtoa habari wa polisi wa upelelezi, alihamishiwa gereza la Hazelton nchini Marekani na kuchanganywa na wafungwa wengine. Hakumaliza saa 24. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alieleza mwaka 2022 kuwa wafungwa walijua anakuja kabla hajafika.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mlango nyuma ya watu wawili, mtu mmoja mwenye jina na saini asome mafaili yote mawili. Atazame kosa la kila mmoja na jinsi watu wa ndani wanavyolichukulia. Kama aliwahi kuumiza mwenzake wa seli. Yuko kundi gani. Nani alitoa ushahidi dhidi ya nani. Kama mmoja aliwahi kuwa askari. Uhamisho wa mtu mwenye maadui ujulikane kwa wachache wanaohitaji kujua tu, na orodha ya majina isibandikwe mahali wafungwa wanapofanya usafi.

Hapa nalisema jambo linalonichoma. Magereza mengi, kwa uchache wa askari, huwaachia manyapara kazi ya kupanga nani alale wapi, nani apate godoro, nani alale mlangoni na nani chooni. Kanuni ya 40 inakataza mfungwa yeyote kupewa madaraka ya nidhamu juu ya wenzake. Nyapara anayepanga sehemu za kulala anaweza kuuza usalama wa mtu. Mfungwa dhaifu akilipishwa ili asipigwe, msimamizi wa gereza ndiye aliyekodisha fimbo. Nyapara abaki na kugawa ufagio na ndoo. Funguo, orodha na adhabu zirudi kwa askari.

3. Doria ya usiku: tafuta pumzi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Ukifika mlangoni, usitazame kitanda. Tazama mtu. Mulika ukuta wa pembeni au dari ili mwanga umfikie bila kumchoma macho. Tafuta kifua au tumbo linalopanda na kushuka. Tafuta ngozi: sehemu ya uso, mkono au mguu. Kumbuka alivyolala raundi iliyopita. Mtu mzima anayelala hujigeuza, na aliyebaki vilevile kwa raundi tatu anastahili kuangaliwa vizuri. Sikiliza. Kukoroma kwa ajabu, kama mtu anayekokota pumzi kwenye maji, kunaweza kuwa dalili ya dawa za kulevya zilizozidi.

Usipoona pumzi, mwite kwa jina. Asipojibu, gonga. Asiposogea, hiyo ni dharura, na maelezo yake yako hatua ya nane. Wafungwa watakutukana kwa kuwaamsha. Vumilia. Na waambie mapema sheria ya zamu yako: blanketi lisifunike uso.

Raundi zisiwe na saa maalumu. Ukipita kila saa kamili, kila mtu kwenye kanda anajua ana dakika 59 za peke yake. Kwa mfungwa aliye kwenye uangalizi maalumu, pita ndani ya kipindi kilichowekwa lakini kwa mpishano: dakika 9, kisha 14, kisha 6. Mwenye hatari ya karibu ya kujidhuru hatoshelezwi na raundi. Anahitaji mtu akae naye akimwona muda wote, kwenye chumba kilichokaguliwa kisiwe na kitu cha kumdhuru. Chumba hicho kisiwe adhabu. Mtu akivuliwa nguo zote na kutupwa kwenye saruji kwa sababu alisema ana mawazo ya kufa, wenzake wataona na kujifunza kunyamaza.

Kisha andika. Andika saa uliyosoma kwenye saa yako, siyo ile iliyochapwa kwenye fomu, na ulichoona: "03:17, amelala ubavu wa kushoto, anapumua." Neno "sawa" lililorudiwa mara ishirini kwa mwandiko mmoja na wino mmoja halimlindi mfungwa wala wewe.

Mfano unaojulikana na wengi ni kifo cha Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyekuwa akisubiri kesi, katika gereza la shirikisho la New York, tarehe 10 Agosti 2019. Alikuwa ameshakutwa na alama shingoni mwezi Julai. Ilitakiwa awe na mwenzake wa seli. Mwenzake alihamishwa siku moja kabla, na hakuwekwa mwingine. Ilitakiwa askari wapite kila dakika 30. Ripoti ya mkaguzi mkuu ya mwaka 2023 ilieleza kuwa kuanzia kama saa nne na dakika 40 usiku hadi alipokutwa asubuhi, karibu saa kumi na mbili na nusu, hakuna aliyepita. Fomu zilionyesha kuwa doria na hesabu vilifanyika. Kamera nyingi zilikuwa hazirekodi. Huyu alikuwa mfungwa aliyekuwa akitazamwa na dunia nzima, na meza ya askari ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake.

Mkuu wa zamu, hapo una kazi yako. Ingia kwenye kanda saa tisa usiku bila kutangaza, na njia uliyopita jana usiipite leo. Mara moja kwa wiki chukua daftari la doria na picha za kamera za usiku mmoja, uvilinganishe dakika kwa dakika. Usimpange askari mmoja zamu mbili mfululizo kwenye kanda ya watu walio hatarini. Usingizi hauheshimu cheo. Na askari akiandika kwa ukweli, "Sikupita saa nane, nilikuwa peke yangu na simu ililia kanda ya pili," usimwadhibu kwa kuandika. Amekupa taarifa ya upungufu wako wa watu. Ukimwadhibu, kesho daftari litakuwa zuri sana na hutajua chochote.

Kuhusu kamera nitasema machache. Mtu mmoja mbele ya skrini nyingi hatambui kifua kilichoacha kupanda. Kamera husaidia kujua kilichotokea. Kuzuia ni kazi ya miguu.

4. Kukabidhiana zamu

Msikabidhiane langoni mkiwa mmeshika mabegi. Anayeondoka na anayeingia wapite pamoja milango ya watu walio hatarini, mmoja mmoja, kwa majina. "Huyu hajala tangu jana. Huyu ametoka mahakamani. Hawa wawili waligombana uwanjani. Yule wa mwisho amegawa viatu vyake na picha za watoto wake." Anayeingia asisaini mpaka amewaona wakiwa hai kwa macho yake.

5. Kifungo cha upweke

Kanuni ya 44 inaeleza upweke kuwa ni kumfungia mtu saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu. Ukizidi siku 15 mfululizo ni upweke wa muda mrefu, na huo umekatazwa. Haupaswi kutumika kwa mwenye ugonjwa wa akili au ulemavu ambao hali yake itazidi kuharibika. Kanuni ya 46 inataka wahudumu wa afya wawatembelee kila siku waliotengwa hivyo.

Kwa askari, tafsiri yake ni fupi: kila mlango wa upweke uhesabike kuwa una mgonjwa nyuma yake. Zungumza naye. Sahani inayosukumwa kwenye kitundu bila neno si mawasiliano. Andika alichojibu, hasa siku atakapoacha kujibu.

6. Mgonjwa, na neno "anajifanya"

Neno hili limeua watu. Wapo kweli wanaojifanya, lakini uamuzi huo si wa mwenye funguo. Kanuni ya 27 inasema maamuzi ya kitabibu yafanywe na wataalamu wa afya tu, na watumishi wasio wa afya wasiyapindue wala kuyapuuza. Maumivu ya kifua, pumzi fupi, degedege, kutapika damu, kuchanganyikiwa ghafla, homa yenye shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili: hayo hayasubiri asubuhi.

Kwenye ulinzi mkali kuna kikwazo kingine kinachojulikana na kila aliyefanya kazi huko. Kumtoa mfungwa usiku kunahitaji ruhusa ya mkubwa, gari, dereva na askari wenye silaha, na mkubwa hapokei simu. Hofu kwamba ugonjwa ni njama ya kutoroka huongeza ucheleweshaji. Dawa yake ni kupanga mchana. Mkuu wa gereza atoe amri ya maandishi kwamba mkuu wa zamu ana mamlaka kamili ya kumtoa mgonjwa wa dharura, gari liwe na mafuta, wasindikizaji wa usiku wajulikane kwa majina kila jioni, na hospitali ijue wataingilia mlango upi. Kisha lifanyike zoezi, lipimwe kwa saa. Kama kutoka kitandani hadi kwenye gari kunachukua dakika 50, umeshaujua muuaji wako.

7. Nguvu, na moto

Mfungwa anayedhibitiwa kwa nguvu asiachwe kifudifudi, na mtu asimkalie mgongoni wala kumbana shingo. Akishafungwa pingu, alazwe ubavu au akalishwe mara moja. Askari mmoja apewe kazi ya kutazama pumzi na uso tu, bila kushika chochote, na akisema "simama," wote wanasimama, hata kama ndiye mdogo kwa cheo. Anayesema hawezi kupumua aaminiwe. Kuweza kutamka maneno hakumaanishi anapata hewa ya kutosha. Aliyekuwa akipambana kisha akanyamaza ghafla huenda anakufa. Baada ya hapo tabibu amwone, hata kama mwenyewe anasema yuko salama.

Kuhusu moto, kumbuka Comayagua, Honduras, usiku wa tarehe 14 Februari 2012: zaidi ya watu 350 walikufa, wengi wakiwa nyuma ya milango iliyofungwa. Miezi 14 kabla, tarehe 8 Desemba 2010, watu 81 walikufa kwa moto katika gereza la San Miguel, Chile. Jiulize usiku wa leo: funguo za kanda hii ziko kwa nani, za akiba ziko wapi, na milango yote itafunguliwa kwa dakika ngapi na watu waliopo kazini sasa hivi? Kama hujawahi kupima, jibu huna.

8. Dakika tano za kwanza

Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache, pengine nne hadi sita. Kwa hiyo utaratibu wa "usifungue mlango usiku mpaka mkubwa afike" lazima uwe na tundu la kupitia. Baadhi ya magereza humpa askari wa usiku ufunguo ndani ya mfuko wenye lakiri: haugusi siku za kawaida, lakini maisha yakiwa hatarini anaukata, na baadaye anaeleza kwa maandishi. Ni mpango mzuri. Apige redio kwanza, aangalie kwa haraka kama ni mtego, aingie.

Akiwa amening'inia, mwinue juu kupunguza uzito shingoni, mwenzako akate kwa kisu maalumu chenye ncha butu ambacho kila kanda inapaswa kuwa nacho, kwenye sanduku linalojulikana. Mlaze chali. Kama hapumui kawaida, anza kugandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkibadilishana kila dakika mbili. Msisimame kusubiri daktari. Endeleeni mpaka afike. Ukishuku heroini au dawa za jamii hiyo, mpe naloksoni, dawa inayozima nguvu ya hizo, kama gereza linayo, na kama halina, liombe. Si kazi ya askari kutangaza kuwa mtu amekufa.

9. Akishafariki

Kanuni ya 71 inataka mkuu wa gereza atoe taarifa bila kuchelewa kwa chombo kilicho huru na gereza, chenye mamlaka ya kuchunguza haraka na bila upendeleo. Itifaki ya Minnesota, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vinavyoshukiwa kuwa kinyume cha sheria, uliorekebishwa mwaka 2016, inaanza na dhana kwamba mtu akifia mikononi mwa dola, dola ndiyo inayowajibika mpaka ithibitike vingine. Kwa hiyo fungeni seli kama ilivyo. Daftari la doria, fomu, rekodi za redio na picha za kamera zichukuliwe saa ileile, kabla mfumo haujafuta picha na kabla mtu hajaona haja ya "kusawazisha" maandishi. Kila askari aandike maelezo yake peke yake.

Familia iambiwe na ofisa wa gereza, ana kwa ana au kwa sauti yake, si kwa tetesi za mfungwa mwenye simu ya siri. Waambiwe kinachojulikana na mwili utakuwa wapi. Wasiambiwe chanzo cha kifo ambacho daktari hajakisema.

Na usiku huohuo, kabla zamu haijabadilishwa, mkuu wa zamu apite milango yote ya kanda ile. Mwenzake wa seli hajalala. Yule wa seli ya jirani alisikia kila kitu. Aliyekuwa kwenye uangalizi wiki iliyopita naye amesikia. Awaite mmoja mmoja kwa jina, asubiri majibu, na waliojibu kwa shida awarudishe kwenye orodha ya uangalizi usiku uleule.